Nyumba Namba 041

Kutoka stendi ya Malindi hadi Mitsanjeni
ni basi mpaka njia panda,
kisha bodaboda, mto ukikubali,
kisha miguu, mto ukikataa.
Hivyo ndivyo nilivyojaza penye "Njia za usafiri".
Msimamizi akakata kwa wino mwekundu:
andika kilomita.
Nikaandika ishirini na tatu.
Ni kweli, na haijamvusha mtu.

Wakanipa chaki, tochi, fulana ya njano
na kijiji nilichozaliwa, nikihesabu.

Kwa Tsuma wa Mramba, magharibi ikiingia,
niliandika 001 mlangoni,
na sijavuka ua, mbuzi akaja akalamba,
akaacha sifuri moja.
Tsuma akacheka hadi akakaa chini:
"Miaka yote hii, leo serikali imefika,
na imeliwa."

Wangapi wanalala hapa usiku wa leo?
Ni swali jepesi kwa wanaokaa kando ya lami.
Kwa Mbodze lilikaa kama mgeni aliyekataa chai.
"Wanangu saba."
Wanaolala hapa leo, mama.
"Saba. Wawili wako Mtwapa wanakata mawe,
mmoja Lamu, anabeba zege bandarini,
Nyevu ameolewa Garashi, lakini sahani yake ile pale."
Wanaolala, mama.
Akatazama mikeka iliyokunjwa, midomo ikicheza.
"Basi andika mmoja. Andika mimi.
Ila uandike polepole."

Duka ni moja. Hufunguliwa Alhamisi,
siku ya lori la makaa.
Lori linatoka na miti yetu, linarudi na sukari,
betri, barua ya mahakama, jamaa wa mtu.
Likikwama kwenye tope la Kwa Charo
Alhamisi nayo inakwama,
watoto wanauliza leo ni siku gani
na hakuna anayethubutu kujibu.

Nilikuwa nimefika nyumba ya arobaini,
watu mia mbili na kumi na wawili,
pamoja na kikongwe aliyesema umri wake ni "tangu njaa ile",
Chengo alipokuja mbio. Hakunitaka mimi,
alitaka tochi.

Kadzo tulimkalisha kwenye kerieri ya baiskeli,
magunia mawili chini yake,
mama mkwe ameshika kiuno, mimi namulika mbele
kama niliyetumwa na ofisi kuhesabu mashimo ya njia.
Bodaboda zilikuwa ng'ambo. Zahanati, ng'ambo.
Mvua za bara zilikuwa zimepandisha maji hadi mapajani
na kiboko alikuwa akikohoa mahali fulani upande wa kushoto.
Tulifika fungu la mchanga katikati ya mto.
Kadzo akasema, shusheni.
Hatukubishana.

Saa yangu ilionyesha saa sita kasoro dakika nne.
Msichana. Alilia kwa hasira,
kama abiria aliyeshushwa kabla ya kituo chake.

Sasa, ramani yangu inasema mto ndio mpaka:
huku eneo langu, kule la karani mwingine,
na mchanga ule hauna upande.
Nikauliza, maana nililipwa niulize:
huyu analala wapi usiku wa leo?
Mama mkwe alinitazama
kwa namna ambayo sitaiandika kwenye fomu yoyote.

Nikatoa chaki. Nikatafuta mlango.
Palikuwa na maji, na giza, na baiskeli.
Nikaandika kwenye madigadi ya nyuma: 041.
Watu: mia mbili na kumi na watatu.

Mvua iliyofuata ilifuta milango yote.
Ile ya baiskeli Chengo aliipitishia rangi ya buluu
iliyobaki shuleni, kwa mkono wa mtu asiyezoea brashi;
nne imelala kidogo.
Kila asubuhi nyumba namba 041
huteremka kuelekea mtoni na magunia matatu ya makaa.
Ina kengele. Haina breki.